Kanuni ya Msomi

Jumanne, baada ya chakula

Bado kanuni ya msomi inanisumbua. Jumamosi pale Nangara, kwenye mchezo wetu wa mezani wa mapango na majoka, Elia ndiye aliyecheza kama msomi. Akaingia maktaba ya mfalme kutafuta udhaifu wa joka, akarusha dadu, ikatoka mbili. Kwa kanuni niliyotunga mwenyewe, hakuona kitu. Bila kuujua udhaifu huo hatukuwa na njia ya kuendelea, mchezo ukafia hapo.

Leo kazini kwangu, masijala, amekuja mzee mmoja wa Simanjiro, mara ya tatu sasa, kuulizia faili la kiwanja chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, hilo faili lipo au halipo?"

"Lipo, baba. Ni kulitafuta tu."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Si ndiyo kanuni yenyewe! Kitabu kipo siku zote, na msomi atakipata. Dadu imwambie tu ni baada ya siku ngapi, na kila siku inayopita, joka linasogea kijiji kimoja. Nikaandika haraka nyuma ya bahasha. Elia ataipenda.

Nilipoinua macho mzee bado amesimama dirishani. Nikaona aibu, nikainuka. Faili lilikuwa rafu ya pili, hata dakika kumi hazikuisha. Zile mara mbili nilimwambia arudi kesho bila hata kutoka kwenye kiti.

Alishukuru sana, na hilo ndilo linaloniuma. Joka la Elia nimelipangia mwendo wake. Mzee sikumuuliza, siku zote hizo, kwake ni nini kilikuwa kinasogea.