Namba Uliyoiacha Mandewa

Ntandu,

Sikuandikii kukupa pole, maana wewe hukuwahi kumpa mtu. Nakuandikia kukuambia kwamba lile uliloniagiza nimelijaribu, na halitafanyika.

Kwanza habari za nyumbani. Tulikuzika Sepuka, karibu na mama yako, upepo ukivuma mpaka turubai likang'oka na wapishi wakahamishia masufuria nyuma ya nyumba. Watu walikuja wengi kuliko ulivyostahili. Wale wa benchi la Itigi walipanda lori wote. Wakati wa kutupia udongo mmoja wao akanong'ona, "Hatimaye kuna aliyemnyanyua." Tukacheka kaburini, wazee wazima, hadi mchungaji akatukazia macho.

Unalikumbuka benchi lile la drafti nje ya stesheni. Sheria yake ilikuwa moja: mshindi anabaki, aliyefungwa ananyanyuka. Wewe hukunyanyuka miaka yote. Reli ilipopunguza watu mliachishwa kazi pamoja, wewe na wenzako. Wao walikuja benchini kuyasahau, nawe ukawafunga vilevile na kuwatupia neno lako: "Nyanyuka, kiti kimekuzidi." Ulimwambia hivyo Saidi siku aliyotoka kumuuza ng'ombe wake wa mwisho. Mimi ulikuwa na la kwangu peke yangu: "Nyanyuka mwalimu, wape nafasi wanafunzi wako." Na kweli wanafunzi wangu walikuwa wamesimama pale, wanacheka. Mwalimu wa hesabu anaonewa na vizibo vya soda!

Kisha ukahamia mjini, Mandewa, kwa binti yako Salome, ambaye alikuwa amefungua intaneti kafe. Akakuonyesha kwamba ndani ya kompyuta kuna drafti, na kwamba unayecheza naye anaweza kuwa yuko nchi uliyoisikia redioni tu. Ukaniita nije nione. Siku zile za mwanzo ulifunga watu kama unapukuchua mahindi. Kisha ukaanza kufungwa. Leo unashinda, kesho unashindwa, leo, kesho. Ukanigeukia na macho mekundu: "Mwalimu, mashine hii imenichukia. Nikipanda kidogo inaniletea majambazi."

Nilikueleza, hukusikiliza. Nakueleza tena, sasa huwezi kunikatiza.

Kila mgeni akiingia pale anapewa namba ileile ya kuanzia, kwa sababu mashine haimjui. Namba hiyo si cheo, ni makisio tu. Kabla hamjagusa kete, mashine inatazama namba yako na ya mwenzako, inakisia nani atashinda. Ukimfunga uliyetarajiwa kumfunga, unaongezewa punje. Akikufunga yeye, ananyofoa pande zima kwako, maana makisio yalikosea na lazima yarekebishwe. Ndivyo namba inavyosogea mpaka ifike pale unapostahili, na hapo inatulia.

Na mpinzani hachaguliwi ovyo. Hakuna mwalimu wa michezo anayepeleka darasa la tatu likacheze na timu ya wilaya. Mashine inamtafuta mtu mwenye namba inayokaribiana na yako, mtu ambaye yenyewe haijui kama utamfunga au atakufunga. Kwa hiyo ukiwa hodari utashindwa karibu nusu, na ukiwa mbovu utashindwa karibu nusu. Hiyo siyo chuki, Ntandu. Chuki ilikuwa benchini.

Ukaniuliza, "Sasa mbona Itigi sikushindwa?" Nikakujibu kwamba Itigi ulikuwa unacheza na sisi tu. Nilikuona ulivyonitazama. Nadhani hakuna siku niliyokuumiza kama ile, wala sijutii, kwa sababu ilikuwa hesabu sahihi.

Basi ukatafuta njia yako. Ulianza kujisalimisha kwa makusudi, mchezo baada ya mchezo, kete hata hazijasogea, ili namba ishuke na mashine ikuletee wanyonge. Ilishuka, nao wakaja. Ukawachinja, ukamlazimisha Salome akuandikie, "Nyanyuka, kiti kimekuzidi," kwa watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Salome alikwambia, "Baba, hawaelewi." Ukamjibu, "Andika tu. Wataelewa kwa sauti." Namba ikianza kupanda tena, unajisalimisha tena. Ulidhani ni kama ubao wa Itigi, ambao ukikunjwa jioni kesho unaanza upya. Kumbe kwenye mashine jana yako yote imo ndani ya namba.

Halafu figo zikakushika, ukiwa umeshuka chini kabisa.

Kitandani ulinishika mkono. Hukuniuliza habari za watoto, wala za shamba. Ulisema, "Mwalimu, nimeachwa chini ya mgeni. Mtu aliyeingia leo, hajui hata kete inakuwaje kingi, ananizidi. Nipandishie. Ifikishe tu pale pa mgeni, nisife hivi." Nikakuahidi. Ungefanyaje wewe, mtu analia...

Matanga yalipokwisha Salome akanipa neno la siri la kuufungulia mchezo wako, nikakaa kwenye kiti chako pale kafe. Jambo la kwanza lililonichoma ni kwamba mashine haikuwa na habari ya msiba. Nilibonyeza, na papo hapo ikakutafutia mpinzani, jina lako juu, kete zimepangwa. Nikashinda. Nikashindwa. Nikashinda. Nilikuwa natoka Itigi kwa basi kila nilipopata nafasi, nikicheza kwa akili yangu yote, bila kelele zako masikioni. Namba ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, ikarudi palepale.

Ikanichukua muda kukubali nilichokuwa nakiona, mimi niliyewafundisha watu hesabu. Namba haimfuati mwenye jina. Inamfuata anayekaa kitini. Ningekuwa hodari kuliko namba ile ningeipandisha, ningekuwa mbovu kuliko hiyo ingeanguka. Ilitulia kwa sababu ni yangu. Wewe mwenyewe ulijishusha, hatua kwa hatua, kwa hila zako, ukateremka mpaka ukafika mahali ninapoishi mimi, na hapo ukafia. Uliyemnyanyua mbele ya wanafunzi wake miaka yote, umekufa sawa naye.

Nilicheka, Ntandu. Nilicheka peke yangu mpaka Salome akatoka kwenye kaunta kuniuliza kama ninaumwa. Kisha sikuweza kucheka tena, kwa sababu ulikuwa umeondoka na hapakuwa na mtu wa kumtupia neno hilo usoni. Nimeliweka miaka mingi. Limeiva, nawe hupo.

Salome alisema tutafute kijana hodari wa mjini aicheze akupandishie. Nikakataa. Ingepanda, lakini ingekuwa namba ya huyo kijana, na wewe umekula vya watu vya kutosha. Namba itabaki ilipo. Hakuna atakayeicheza kwa jina lako, mimi wala mwingine, hilo ndilo ninalokuahidi badala ya lile la kwanza. Nimefungua mchezo kwa jina langu. Nimepewa namba ya mgeni, juu yako, na najua nitateremka taratibu mpaka ulipo wewe. Nitakapofika hapo nitatulia, na tutakuwa benchi moja.

Benchi la Itigi bado lipo. Saidi ndiye anayekaa upande wako sasa, na akimfunga mtu hasemi kitu. Pamepooza mno.

Lala salama, rafiki yangu. Sasa nyanyuka. Kiti kimekuzidi.

Mwalimu