Kiti cha Safu ya Tatu

Blackpool,
9 Oktoba 1934

Kaka yangu mpendwa Ambrose,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Toronto, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila bado anaficha biskuti chini ya mto akidhani hatumwoni.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umenikumbusha enzi zetu za mazingaombwe, njiwa wakikuchafulia koti, nami nikitabasamu ndani ya sanduku huku ukilikata kwa msumeno. Nazililia siku zile, kaka. Nakumbuka hasa kamera yako ya macho mawili na ile miwani ya karatasi, upande mmoja mwekundu, wa pili kijani. Ulitaka njiwa wa kwenye filamu, akitazamwa kwa macho yote mawili kupitia miwani hiyo, atoke ukutani awatulie watu mapajani.

Sasa unasema umeunda kamera nyingine, na nikija nikaithibitisha utakodi ukumbi. Ndiyo desturi yetu: mfanya mazingaombwe haamini macho yake mwenyewe, lazima mtu akae safu ya tatu amwambie. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kila jioni uliniuliza, "Enid, ametoka?" Nami nikajibu, "Ametoka, kaka."

Siku ya maonyesho njiwa akazama ukutani badala ya kutoka. Jamaa mmoja akasema, "Ndege wako anatuogopa, bwana," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ukailaumu kamera, ukapanda meli.

Kaka, jicho langu la kushoto halioni tangu nilipougua surua. Mama alijua. Wewe nilikuficha, maana ungemkalisha mwingine kwenye kile kiti. Sikumwona njiwa akitoka hata siku moja. Nilikuwa nageuka kukutazama uso. Nikiona umefurahi, nasema ametoka.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee Pym, mwendesha mashine wa sinema, ile filamu uliyoiacha pamoja na miwani yake. Aliitazama akinung'unika, kisha akaigeuza miwani juu chini, rangi zikabadilishana macho. Mara akajikinga uso kwa mikono, kana kwamba njiwa anamrukia. Ulipishanisha rangi tu, kaka. Kamera yako ilikuwa nzima, na yeyote mwenye macho mawili angekwambia siku ya kwanza.

Miaka minane umejilaumu kwa kosa langu. Nisamehe. Ukinitaka bado, nitakuja kukushikia njiwa. Kiti mpe mwingine.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae sweta.

Mdogo wako akupendaye,
Enid