Mafuta ya Kondoo Uliyomwachia Wambui

Maitu, mama yangu mpendwa,

Mafuta yako yameisha. Baba Wambui alirudi kutoka kiwandani na njaa, akaona mkebe wa mafuta ya kupikia kwa rafu, akakaangia sukuma. Angejuaje ndani ni mkia wa kondoo uliouyeyusha wewe, wa kumpaka mtoto? "Sukuma gani hii inanuka kondoo?" akauliza, na bado akaimaliza! Nilimfokea mpaka ploti yote hapa Mwiki ikanyamaza kusikiliza.

Nakukumbuka kule Kalimoni, umekaa kwa kistuli, ukiyeyusha vipande polepole kwa jiko, bila maji, bila chumvi. Halafu ulikuwa unatubana katikati ya magoti na kutupaka mpaka masikio. Woi, tulinuka! Lakini hatukupasuka ngozi hata kipupwe cha Julai.

Ndiyo maana Wambui alipopata ukurutu, na dawa za chemisti zikamwasha tu, ulikuja na mkebe wako. Ulikuwa mgonjwa tayari, wiki chache kabla tukuzike. Kwa kuwa tulimpa jina lako, ulimwita "mimi." "Njoo nikupake, mimi," ulimwambia, na kilio kikaisha.

Sasa sikia, Maitu. Sufuria ilipopata moto ile siku, harufu yako ilijaa nyumba. Wambui alikuwa kwa mkeka. Aliangalia mlangoni, akacheka, akainua mikono abebwe. "Cucu!" akaita, vile alikuwa anakuita wewe nyanya yake. Mlangoni hakukuwa na mtu.

Kesho yake nilienda Ruiru kwa bucha, nikanunua mkia, nikayeyusha vile ulikuwa unafanya. Ngozi yake inalainika, Ngai asifiwe. Lakini kila nikimpaka anaangalia nyuma ya bega langu na kucheka. Wamama wa kanisa wanasema nimwage hayo mafuta, tuombewe. Nikikosa kumpaka siku mbili, anajikuna mpaka damu. Nitamwagaje?

Nimekumiss mpaka nakasirika. Huwa nageuka haraka nikitumaini nitakupata, na ninaogopa nitakupata. Ulimpenda sana huyu mtoto. Pengine kupita kiasi.

Maitu, kama ni wewe, karibu. Mpake pamoja na mimi, ongea naye, mchekeshe. Lakini akikuinulia mikono, nakuomba, usimbebe. Niachie.

Ni mimi binti yako,
Mama Wambui