Baba Mkwe Anataka Kunirithisha Debe la DDT

Mpendwa Mama Blandina,

Naomba unishike mkono maana Krismasi inakuja na mimi akili imegota. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, Mhehe wa Kalenga, naishi Kihesa hapa Iringa na mume wangu Isakwisa na binti yetu Pendo wa miaka tisa, nafanya kazi maabara ya chuo, na nimeolewa kwa Wanyakyusa wa Igawilo kule Mbeya huu ni mwaka wa kumi na mbili, na katika miaka yote hiyo baba mkwe wangu hajawahi kuniambia neno hata moja, wala si kwa chuki, ni heshima, maana kwao mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamwangalii usoni wala hamtaji jina, na hata kwenye barua hii sitalitaja, nitamwita Mzee tu. Nikikutana naye njiani napisha kwenye migomba. Salamu zake ananiletea mama mkwe jikoni na zangu anazirudisha yeye, na sauti yake naisikia kupitia ukutani anapoombea chakula, na ukiniuliza kama nampenda Mzee nitakwambia nampenda kuliko watu wengi niliokwisha kukaa nao na kuongea.

Zamani Mzee alikuwa bwana dawa wa chama cha ushirika, alizunguka na bomba mgongoni shamba kwa shamba akinyunyizia kahawa na mahindi, na watu walimchinjia kuku kila alikopita kwa sababu shamba alilopita yeye wadudu walikoma. Picha yake iko sebuleni, kijana wa kaptula ya kaki, bomba la shaba mgongoni, anacheka, nyuma imeandikwa 1974. Isakwisa anasimulia jinsi yeye na ndugu zake walivyokimbia nyuma ya baba yao kwenye ule ukungu mweupe wakiimba, na jinsi bibi yao alivyowapaka ule unga kichwani kuua chawa, na mpaka leo akiisikia harufu yake anafumba macho, anasema hiyo ndiyo harufu ya baba akirudi nyumbani.

Chama kilipokufa miaka ya themanini Mzee alibaki na debe la DDT, ndiyo ule unga wa kuua wadudu, na debe hilo bado lipo, Mama. Liko stoo, limefunikwa na mkeka, na kila msimu wa maharage Mzee analifungua, anapima kijiko kimoja kwa gunia kama mtu anayetia chumvi, anachanganya kwa mikono yake mwenyewe ili wadudu wasitoboe, halafu kila mtoto wake anatumiwa gunia lake kwa basi. La kwetu huwa limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Ningeendelea kula kama wenzangu, lakini miaka minne iliyopita chuo kilinipeleka nchi ya baridi kwa mwaka na nusu kuongeza ujuzi, nikapangiwa maabara inayopima barafu iliyoletwa kutoka ncha ya dunia. Wanaitoboa kwa mtambo, inatoka ndefu kama muwa, na theluji ya kila mwaka imelalia ile ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo ukikata kipande ni kama umeshika mwaka mkononi. Nilikuwa naingia chumba cha baridi na makoti mawili nakata miaka ya watu. Kuna mahali mashine inaonyesha majivu ya volkano iliyolipuka kabla babu hajazaliwa, kuna mahali inaonyesha madini ya risasi yaliyokuwa yanatiwa kwenye petroli, na kuna mahali inaonyesha DDT. Kule hakuna shamba, hakuna mdudu, hakuna mtu, lakini ipo, ilipanda na upepo ikashuka na theluji. Siku nilipopewa kipande cha miaka ya sabini nilimwona yule kijana wa kaptula anacheka, nikaikumbuka Igawilo, moshi wa jikoni kwa mama mkwe na ile sauti ya nyuma ya ukuta, nikalia, na machozi kwenye baridi ile yanauma. Msimamizi akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia ni baridi tu.

Tangu nirudi nimepokea gunia la uzi mwekundu mara mbili. Naungama kwako: yote nimeyamwaga chooni, kisha nikampigia simu mama mkwe kumwambia maharage yalikuwa matamu na yameiva upesi. Nilipomweleza Isakwisa alinijibu, "Baba ana miaka themanini na tatu, mbona hajafa? Unataka umwambie mzee wa watu kwamba maisha yake yote alikuwa anagawa sumu?" Na Pendo kila likizo yuko Igawilo, anakula chakula cha huko.

Mwezi uliopita mama mkwe akapiga. "Mama Pendo, Krismasi hii usikose kabisa. Mzee anasema watoto wake hakuna hata mmoja aliyefuata kazi ya dawa, ila wewe umesomea dawa mpaka Ulaya, wewe ndiyo mwenzake. Lile debe na lile bomba anakukabidhi wewe, tena kwa mkono wake. Akishakupa kitu mkononi, basi, mwiko umeisha, mtakuwa mnaongea."

Mama Blandina, nilikaa sakafuni. Miaka kumi na mbili natamani mzee yule aniite, sasa ananiita, halafu neno langu la kwanza kwake liwe kwamba zawadi yake ni sumu? Au nipokee ninyamaze? Au nisingizie ugonjwa nisiende? Niambie la kufanya.

Mimi mkwe wa Igawilo,
Kihesa, Iringa.

*

Mwanangu wa Kihesa,

Pole sana. Barua yako imenirudisha mbali, kwa sababu harufu hiyo naijua. Nimekulia hukohuko Mbeya, nyuma ya soko la Mwanjelwa, na mama yangu alitunyunyizia unga huohuo kwenye magodoro ya nyasi kuua kunguni, tukalala usingizi ambao sijaupata tena. Nikiikumbuka harufu ile namkumbuka yeye, kanga yake kiunoni, anapiga godoro kwa fimbo. Kwa hiyo sikucheki wewe wala mumeo. Tuliipenda dawa ile, na waliotuletea hawakutueleza.

Sasa nikuseme. Wewe msomi mzima, umejua miaka miwili, na ulichookoa ni sufuria yako tu! Huyo mama anayekubebea salamu tangu uolewe, unadhani anakula nini? Na mwanao je? Halafu eti umemwaga chooni. Wewe mwenyewe umeikuta dawa hiyo kwenye barafu ambako hakuna hata choo, ukadhani ya kwako itatulia Kihesa? Na ule uongo wako wa "yameiva upesi" ndio uliomtia Mzee moyo wa kushona gunia la pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Isakwisa, najua mkeo atakusomea hapa. Baba yako kufika themanini na tatu ni neema ya Mungu, usiifanye kipimo cha maabara. Sumu hii haiangushi mtu palepale alipokula. Inajificha kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka, na mama mwenye kunyonyesha anampa mwanawe bila kujua. Kumpenda baba yako hakukuzuii kumwambia ukweli, na kazi hii ilikuwa yako kabla ya kuwa ya mkeo. Umemwachia mwanamke mzigo ambao mila za kwenu zimemfunga mdomo asiweze kuutua.

Turudi kwako, binti. Nani amekwambia uende kumwambia Mzee kwamba maisha yake yalikuwa sumu? Umenisimulia kipande cha miaka ya sabini, lakini vya juu yake, vya miaka iliyofuata, hukuvitaja. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa sayansi ninayemwamini, akaniambia nchi nyingi zilipoacha dawa ile mashambani, vipimo vya sehemu nyingi vilianza kushuka. Maana yake barafu imeandika pia kwamba watu waliacha. Mzee wako hajachelewa kuwa mmoja wao, na heshima ya bwana dawa siku zote ilikuwa kujua lini dawa imepitwa na wakati.

Usingoje Krismasi. Leo hii mpigie mama mkwe, mwambie waziwazi maharage ya stoo yasipikwe, yasipandwe, wala kuku wasipewe, na Pendo asiende huko mpaka yameondoka. Mwambie pia amfikishie Mzee kwamba unaomba ukabidhiwe Jumamosi hii, huwezi kusubiri. Hapo utakuwa unasema kweli. Kabla ya safari, Isakwisa aende ofisi ya kilimo ya wilaya kuuliza dawa chakavu inapokelewa wapi. Msiichome, msiifukie, msiitupe mtoni, na debe lenyewe lisije likaoshwa likawa la maji. Vaa glovu hata wakisema una maringo. Lifungwe kwenye plastiki nzito bila kufunguliwa, maharage yaliyotiwa dawa yaende nalo, na bomba pia, limelowa dawa miaka mingi mno kukaa ndani ya nyumba. Picha ibaki ukutani.

Mkishuka basi, piteni Mwanjelwa mnunue ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo mdudu anafia humohumo bila kutiwa dawa yoyote. Nunueni mingi. Mzee atataka kuwafundisha majirani, nawe utamfundisha yeye kwanza.

Ukifika mbele yake piga magoti kama kwao wanavyopiga, pokea, sema "ndaga", yaani asante. Kisha usikimbilie jikoni. Inua uso umsimulie yote, chumba cha baridi, ile barafu, kipande cha miaka yake, na kwamba ulilia. Labda atasimama atoke nje. Msubiri palepale. Mzee huyu amevunja mwiko wa kwao ili japo mara moja aongee habari za dawa na mtu anayezielewa. Usimnyime.

Mama Blandina