Sikio la Kushoto la Bahasha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo ndani ya jalada. Mtaani huitwa Mama Gundi.
Umri: miaka 54.
Kazi: fundi wa kujalidi vitabu.
Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yake, mkabala na lango la Bustani ya Mbwa.
Shauri: kuharibiwa kwa sanamu ya mbwa, mali ya jiji.
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 11 mwezi wa sita, kuanzia saa 2:10 asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Akili zangu ni timamu, chai nimekunywa, na hakuna aliyenitisha. Nimeitwa kueleza kama nilimwona mtu aliyevunja sikio la kushoto la sanamu ya langoni jana Jumatano. Nilimwona vizuri. Ni mimi.

Afande ameweka kalamu chini. Ameniambia kuwa kuanzia hapo mimi ni mtuhumiwa, na kwamba nina haki ya kunyamaza. Nimemshukuru na kumwomba aendelee kuandika kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa sababu bado ni shahidi, na niliyoyashuhudia ni mengi kuliko sikio la saruji. Nimemwomba pia aitazame saa ya ukutani. Saa 4:00 asubuhi hii kuna mbwa atachomwa sindano ya kufa, na sharti tuwe tumemaliza.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nne, tarishi mstaafu aliyekuwa jirani yangu alitumbukia kwenye mtaro ulio nyuma ya karakana, ule ambao jiji liliuacha wazi bila mfuniko kwa miezi minane. Alivunjika nyonga, sauti ikamkauka. Mbwa wake jike, aitwaye Bahasha, alisimama ukingoni akabweka kuanzia mchana hadi asubuhi ya pili yake. Watu walipita wakamtukana, wakamrushia walichonacho. Mmoja alimpiga kwa kipande cha tofali, kikamkata nusu ya sikio la kushoto. Hakuondoka. Saa 3:00 asubuhi fundi wa kuchomelea alikuja na nondo ili amfukuze, na ndipo akachungulia mtaroni.

Tarishi aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hapo. Alipofariki, Bahasha alihamia mlangoni kwangu. Sikumwalika. Gundi yangu naipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na sufuria ikipoa yeye hulamba ukoko. Huo ndio mkataba wetu.

Mwaka jana jiji lilitangaza kuwa ni rafiki wa mbwa. Zilijengwa sanamu saba za mbwa sehemu mbalimbali, na mbele ya karakana yangu ikafunguliwa bustani yenye nyasi, mabeseni ya maji na vibao vya "Karibu wewe na mbwa wako". Sanamu ya langoni ilitangazwa kuwa ni ya mbwa aliyemwokoa tarishi. Siku ya uzinduzi nilisimama mstari wa mbele. Kitambaa kilipovutwa nikaona dume. Dume refu, kifua mbele, mkanda shingoni, masikio yote mawili yamesimama kama ya mlinzi wa benki. Limeandikwa JASIRI, na chini yake AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Walisema ni shaba. Ni saruji iliyopakwa rangi.

Bahasha ni mfupi, rangi ya gunia, miguu ya mbele imepinda, na chuchu zinaning'inia kwa sababu ya watoto wanane aliowazaa. Nilimuuliza msimamizi wa bustani yule dume ni nani. Akajibu kwamba walitumia picha, na mbwa wa kwenye picha anapendeza zaidi. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ukifa tutabandika picha ya mwanamume mwingine kwenye jeneza lako, anayependeza zaidi." Hakucheka.

Kesho yake nilimpeleka Bahasha langoni. Mlinzi akasema mbwa haingii bila kadi. Nikaenda kuomba kadi. Fomu iliuliza aina ya mbwa, nikaandika: mbwa. Karani akataka kujua aina gani. Nikamwambia ni ile inayobweka. Alinirudishia fomu na kusema kwamba mbwa asiye wa aina inayotambulika hapewi kadi. Nilirudi mara nne, na cheti cha chanjo mkononi. Basi Bahasha akawa analala nje ya lango, kwenye kivuli cha sanamu, kwa kuwa miti yote imebaki ndani. Hakujua kuwa ni sanamu yake. Angejuaje?

Mnamo tarehe 8, Jumatatu, saa 1:20 asubuhi, wafanyakazi wawili wa jiji walimkamata hapo kwa kitanzi cha waya. Nilitoka mbio na mikono yangu imejaa gundi. Mlinzi alikuwa anatazama viatu vyake. Msimamizi aliniambia, "Mama, hii ni bustani ya mbwa. Siyo ya mbwa koko." Nikamjibu, "Koko huyo ndiye aliyekupa wewe kazi." Wakafunga mlango wa gari.

Tarehe 10, Jumatano, saa 8:30 mchana, nilifika kwenye zizi la jiji wanakowafungia mbwa. Karani wa zizi alisema mbwa asiye na kadi hukaa siku tatu, kisha humalizwa, na zamu ya Bahasha ni Alhamisi saa 4:00 asubuhi. Nikasema mimi ndiye mwenyewe, nimekuja kumchukua. Akasema mwenye mbwa ni mwenye kadi. Nikamuuliza nani anaweza kuzuia. Bila kuinua macho akasema ni polisi au mahakama tu. Nilimshukuru sana, na alishangaa. Kabla sijaondoka niliomba kumuaga mbwa. Nilikuwa na kipande cha kadibodi mfukoni. Nilipenyeza mkono kati ya nondo, nikakiweka kwenye sikio la kushoto, na kwa kucha nikachora mstari pale lilipoishia. Karani alidhani nambembeleza.

Hapa nataka afande ageuze hilo daftari la vielelezo lililo mbele yake, aangalie mgongo wake. Mishono saba, uzi wa kitani. Nililishona mimi. Madaftari yote ya kituo hiki hupita mikononi mwangu, na nina ugonjwa mmoja: sijalidi kitu bila kukisoma. Mwaka juzi nilijalidi nakala kumi na mbili za mwongozo wenu. Unasema kielelezo hakitaharibiwa, hakitauzwa wala kutolewa hadi shauri litakapokwisha. Nakala moja iko kwenye kabati nyuma yako, afande. Ina jalada la kijani.

Jana hiyo hiyo, saa 10:05 jioni, mchana kweupe, watu wakiwa wanatoka kazini, nilipanda juu ya kreti langoni. Niliweka kadibodi kwenye sikio la sanamu, nikapiga mstari kwa penseli, nikagonga mara tatu kwa nyundo yangu ya kunyooshea migongo ya vitabu. Sikio lilikatika pale pale nilipotaka. Kreti lile lina mguu mbovu, lakini halikuyumba. Siwezi kusema kwa nini. Mlinzi hakuona chochote, na aandikwe hivyo. Kipande cha sikio nimekileta, nimekifunga kwenye gazeti pamoja na ile kadibodi.

Kuvunja nimevunja. Kuharibu nakana. Nimeirekebisha sanamu ifanane na mwenye sanamu. Kama mimi ni mwongo au mkweli, mahakama haiwezi kujua mpaka iyaweke masikio yote mawili mezani, la saruji na la nyama. Kwa hiyo Bahasha ni kielelezo. Namtaja rasmi kuwa kielelezo cha utetezi wangu, na afande akiacha auawe saa 4:00, ajue ameacha ushahidi uharibiwe akiwa na saa ukutani.

Watu hulalamika kuwa kesi zetu huchukua miaka. Mimi nimelalamika sana. Leo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, naomba mahakama isiwe na haraka. Bahasha ana miaka kumi na moja.

Afande ameniuliza kwa nini najiingiza matatani kwa sababu ya mbwa ambaye hata si wangu. Sasa najibu, na naomba liandikwe kama nitakavyolisema.

Kile kipande cha tofali nilikirusha mimi. Ndicho nilichokuwa nakandamizia karatasi. Ilikuwa saa 12:40 asubuhi, nilikuwa na kazi ya watu ya kumaliza, na kelele zake zilikuwa zimeninyima usingizi. Nilifungua dirisha nikarusha. Alinitazama, akageukia tena mtaro, akaendelea kubweka. Nikafunga dirisha. Kutoka dirishani kwangu hadi alipokuwa amelala tarishi ni hatua kumi na moja. Nilizipima baadaye.

Sikio lile nalijua kuliko mtu yeyote katika jiji hili. Jiji likisimamisha mbwa mwenye masikio mawili, linanisamehe bila kuniuliza, na linajisamehe lenyewe, pamoja na mtaro wake. Mimi msamaha huo siutaki. Wakilibandika tena sikio, nitalivunja tena, na kreti ninalo.

Sasa ni saa 3:20. Nimeyasoma maelezo haya mwenyewe tangu juu hadi hapa. Ni yangu, na sipunguzi neno.

Sahihi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi, afisa wa zamu. Mtoa maelezo alionywa kisheria mara mbili. Mara zote mbili aliomba niandike haraka.

Nimehakiki mwongozo, jalada la kijani. Ni kama alivyosema.

Saa 3:29 nilipiga simu zizi la jiji. Karani alitaka barua. Saa 3:36 niliondoka na barua kwa pikipiki. Saa 3:53 nilikabidhiwa.

Yameingizwa kwenye daftari la vielelezo: Namba 17, kipande cha sikio la saruji, kimoja. Namba 18, mbwa jike, mmoja, hai, sikio la kushoto pungufu. Kadibodi imewekwa kwenye vyote viwili. Mstari ni mmoja.

Kielelezo namba 18 kimekataa kukaa stoo. Kimewekwa chini ya kaunta, karibu na mlango, na kimepewa maji. Hubweka mara kwa mara. Nimewaagiza askari wa zamu wasikifukuze, na kila kinapobweka, mmoja wao atoke nje akaangalie.