Gauni la Neema

Jumatano, 7 Agosti 1996

Nimechapa barua za wakubwa mpaka vidole vinauma. Jioni nikapita kwa mama mdogo kusaidia maandalizi ya kichen pati ya binti yake, Neema. Nyumba kama ya msiba. Gauni la harusi limetoweka chumba cha wageni. Gauni la Dubai, mtaa mzima ulikuja kulitazama. Chumba hicho analala Salome, dada wa bwana harusi, aliyetoka kijijini Kibakwe kuja harusini. Hakuna aliyetamka jina lake. Wote tulitazama mlango wake. Nimewaambia nitamkamata mwizi. Riwaya za upelelezi nimesoma za kutosha.

Alhamisi, 8

Aibu. Salome alikwenda kuoga, nikapekua begi lake. Karanga, kitenge, Biblia. Akanikuta mkono umo ndani.

"Unatafuta nini, dada?"

"Dawa ya kichwa."

Akanipa vidonge viwili na maji, akasimama mpaka nimeze. Kichwa kilikuwa kizima. Sasa ndio kinauma.

Ijumaa, 9

Mtuhumiwa wa pili: shangazi Tabitha. Alikuwa akilalamika kwamba gauni linaacha mabega wazi. Nimemfuata sokoni kwa kujificha. Kwenye vitunguu akageuka, akanipa kikapu nibebe. Basi.

Neema hali chochote ila ubuyu. Namwonea huruma. Mama mdogo anasema Jumatatu atawaambia wakwe kuwa binti yao Salome ni mwizi. Akisema hivyo, ndoa imekwisha. Naogopa.

Jumamosi, 10

Kichen pati. Ngoma, vigelegele, masufuria yaliyofungwa riboni. Shangazi kakaa kwenye kochi kubwa, kamfunda Neema kuhusu subira na kujitunza. Kila akijisogeza, mto chini yake unakwaruza. Sponji hailii hivyo. Salome alicheza peke yake. Watu walimkwepa.

Wageni walipoondoka nikafungua zipu ya mto. Gauni limekunjwa humo. Shangazi amelikalia mchana kutwa. Nilianza kucheka. Kisha nikaona limefumuliwa kiunoni kwa wembe, pande zote mbili. Mwizi gani anaiba gauni halafu analipanua? Kicheko kikaisha.

Jumapili, 11

Baada ya ibada nimemvuta Neema jikoni, nikafunga mlango.

"Halifungi tena, dada. Nilijaribu kulipanua, nikaliharibu, nikalificha."

Ana mimba. Ya Elia, mchumba wake, naye anajua. Mchungaji hajui. Kanisani kwetu mjamzito haolewi na shela. Alitaka gauni lipotee tu, avae chochote kipana. Nikamuuliza, na Salome je? Akasema Salome ataondoka, watu watasahau. Nilitamani kumzaba kofi. Nimempa mpaka asubuhi. Aseme yeye, au niseme mimi.

Jumatatu, 12

Amesema. Mama mdogo hakulia. Aliingia chumba cha wageni, akapiga magoti mbele ya Salome, mtu mzima yule. Salome akamwinua haraka, lakini machozi yalimtoka. Alijua tangu siku ya kwanza tunavyomfikiria. Mimi nilisimama mlangoni. Nikasema samahani, ikatoka ndogo.

Jumamosi, 17

Wameoana. Ibada ya asubuhi, bila shela, bila kwaya. Neema kavaa gauni la kawaida la bluu. Mama mdogo alitazama sakafu mwanzo hadi mwisho. Salome alisimama karibu na kaka yake. Hakuniangalia.

Tukala wali nyumbani, watu wachache. Upepo mkali leo, vumbi limeingia mpaka kwenye vyombo. Neema alikula sahani mbili.