Sauti ya Dirishani

Dar es Salaam, 4 Juni 1978

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Kliniki ya masikio ninakofanya kazi imeletewa vifaa vipya vya kusikia, nimekuombea kimoja. Kisanduku mfukoni, waya sikioni. Swichi ikiwa juu, kelele zote zinaingia. Ikiwa chini, eti mngurumo unapungua. Wakubwa wanataka kujua kama ni kweli. Kijaribu kwenye mashine ya kusaga ya kijiji unayoiendesha: mama akusomee "kata, taka, saka", nawe urudie. Nasikia kijiji kitakunyang'anya mashine kwa kuwa husikii ukiitwa. Tuwahi!
Mwanao, Osward

Ruanda, Mbozi, 25 Juni 1978

Mwanangu,
Marahaba. Tu wazima, kahawa inaiva. Kifaa ni balaa! Mashine inanguruma hadi bati linatetemeka, nami nimepata maneno yote, swichi juu, swichi chini! Nimeshatangaza kijiji kizima. Ila mama yako anauliza, zile betri nyembamba ulizofunga kwenye karatasi ni za tochi gani?
Baba yako, Jairo

Dar es Salaam, 9 Julai 1978

Baba,
Shikamoo. Poleni na baridi ya huko. Nimecheka hadi machozi, kisha nikaogopa. Betri ni za kifaa! Hukusikia kitu, ulisoma midomo ya mama. Tafuta mtu usiyeweza kumtazama. Yupo hapo hapo nyumbani: mke wangu Lusungu. Kwa mila yetu mkwe na mkamwana hamtazamani. Asimame kwenye dirisha la kibanda cha mashine, nyuma ya mgongo wako. Na utie betri!
Mwanao, Osward

Ruanda, Mbozi, 30 Julai 1978

Osward mwanangu,
Marahaba! Afya zetu usiulize, nina furaha ya kichaa. Mama yako aliona haya, eti mkamwana ampigie mkwe kelele! Nikamwambia, si nimempa mgongo? Mwenyekiti wa kijiji akaja kushuhudia.

Swichi juu: mngurumo mtupu. Swichi chini: mngurumo ukarudi nyuma, sauti ya mwanamke ikajitokeza. "Kata." Kata. "Taka." Taka. "Saka." Nikasema paka, watu wakacheka. Kisha likaja ambalo hukuliandika: "Baba, zima! Mkanda unachanika!" Nikazima papo hapo, hakuna aliyenigusa bega. Mwenyekiti akasema mashine inabaki kwangu.

Waambie wakubwa wako swichi inafaa, ila herufi nyingine inazichanganya.

Lakini si hilo lililonikalisha kwenye magunia nikalia. Tangu umwoe Lusungu nakula ugali wake. Uso sijautazama, na masikio yalikuwa yameshakufa. Ndiyo kwanza namsikia. Ana sauti nzito kidogo, nzuri sana. Mbona hukuniambia?
Baba yako, Jairo